Mtoto Akimpenda Mtu wa Dini Nyingine



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa sauti ya chini, tena baada ya watoto wadogo kwenda kulala. Mtoto wetu amempenda mtu asiye wa dini yetu. Binti wa Mkatoliki ataka kuolewa na Mlutheri, au na Mwislamu, au na kijana ambaye hajabatizwa popote. Wazazi wafanyeje?

Hapa kwetu Usa River jambo hili si geni. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi yapita katikati yetu, na mashamba ya kahawa na ya maua yameleta watu wa makabila mengi. Katika kijiji kimoja wakaa Wameru, Waarusha, Wachaga, Wapare na Warangi. Walutheri ni wengi tangu zamani, maana wamisionari wao wa Leipzig walifungua kituo chao Nkoaranga mwaka 1902. Sisi Wakatoliki tupo, Waislamu wapo, na watu wa makanisa mapya wapo. Vijana wetu wafanya kazi pamoja, wapanda gari moja, wacheza mpira pamoja, wazikana pamoja. Basi haifai tushangae wakipendana.

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika vitabu. Katika kitabu cha ubatizo, kando ya kila jina, kuna nafasi ya kuandika Kipaimara na Ndoa pindi mtu azipokeapo. Yako majina ambayo nafasi hiyo ni tupu, na mwenyewe twamjua, ana mume na watoto, tena akaa karibu na kanisa. Siku alipomtaja mchumba wake nyumbani aliambiwa asirudi kuingia mlangoni. Akaondoka. Akaondoka kwa baba yake, na siku hiyo hiyo akaondoka na kwa Padre, kwa sababu aliona hao wawili ni kitu kimoja. Nafasi ile tupu ndiyo inayonifanya niandike leo.

Wala sitatoa hotuba. Nitawasimulia kitabu, maana wakati mwingine mtu huona kosa lake upesi zaidi katika habari ya mwingine.

Kitabu chenyewe ni cha Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Alikiandika kwa Kiingereza angali kijana mwanafunzi wa Makerere, kikapigwa chapa mwaka 1965 kwa jina la The River Between. Siku zile jina lake juu ya jalada lilikuwa James Ngugi. Kwa Kiswahili kilitolewa mwaka 1974 kwa jina la Njia Panda. Huenda mtu akauliza, Je, yafaa gazeti la Kanisa kusifu kitabu cha mtu ambaye mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano wa Wapresbiteri akasema waziwazi kwamba yeye si Mkristo? Najibu kwamba yafaa. Mtu aliyekulia karibu na Wakristo akatuona tulivyo aweza kutuambia mambo ambayo sisi wenyewe hatupendi kuambizana.

Habari ni hii. Katika nchi ya Wakikuyu kuna vilima viwili vinavyotazamana, kimoja chaitwa Kameno na kingine Makuyu. Katikati yao wapita mto uitwao Honia, na maana ya jina hilo ni kuponya. Watu wa vilima vyote viwili huteka maji humo. Lakini watu wa Kameno washika mila za wazee, na huko Makuyu wako wengi waliofuata dini ya wamisheni.

Mkuu wa Wakristo wa Makuyu ni mzee Joshua. Katika ujana wake alikimbilia misheni ya Siriana, akabatizwa, akarudi kuhubiri kwa moto. Ana mke, Miriamu, na mabinti wawili, Nyambura na mdogo wake Muthoni. Siku moja walipokwenda kuteka maji Honia, Muthoni amwambia dada yake jambo zito: yeye ataka kutahiriwa kama wasichana wote wa kabila lake. Haachi Ukristo. Ataka kuwa Mkristo na kuwa mwanamke kamili wa kwao, yote mawili. Akatoroka, akaenda kwa shangazi yake Kameno.

Joshua aliposikia, alimtuma Nyambura amrudishe ndugu yake, na kama akikataa, aambiwe kwamba tangu siku hiyo yeye si binti yake tena. Muthoni akakataa. Akatahiriwa, kidonda kikaoza, wakambeba hata hospitali ya Siriana, na huko akafa. Habari ya kifo ilipofika, Joshua hakuonyesha uchungu wowote. Kwake yeye Muthoni alikuwa amekwisha kufa siku ile alipotoka nyumbani.

Mmoja wa waliombeba Muthoni ni Waiyaki, kijana wa Kameno. Baba yake, Chege, alimpeleka Siriana ajifunze elimu ya wazungu bila kuacha mila za watu wake. Baada ya kifo cha Muthoni misheni ikawafukuza watoto ambao wazazi wao hawakukubali kuacha tohara ya wasichana. Waiyaki akaanzisha shule yao wenyewe, watu wakampenda, wakamwita Mwalimu. Yeye na Nyambura wakapendana. Alipomwomba amwoe, Nyambura alikataa, ingawa moyo wake ulitaka, kwa sababu hakuthubutu kumwasi baba yake.

Lakini walikwisha onekana. Kamau, aliyemtaka Nyambura, ni mtoto wa Kabonyi, na Kabonyi ni mzee aliyewahi kuwa mfuasi wa Joshua, kisha akajitenga akawa kiongozi wa Kiama, yaani baraza la kulinda usafi wa kabila. Waiyaki mwenyewe aliwahi kula kiapo cha Kiama hicho. Basi siku aliposikia kwamba Wakristo wa Makuyu watashambuliwa, alikimbia mpaka kanisani kwa Joshua kuwaonya. Joshua akamfukuza. Hapo ndipo Nyambura aliposimama mbele ya kanisa zima, akamshika Waiyaki mkono, akasema kwamba ampenda. Baba yake akamkana palepale, kama alivyomkana Muthoni.

Mwisho wake ulikuwa usiku, kando ya Honia. Watu wote walikusanyika. Waiyaki alikuwa karibu kuwageuza mioyo, ndipo Kabonyi alipomtaka amkane Nyambura mbele ya watu. Hakuweza. Kwa Wakristo Nyambura amekwisha kanwa, na kwa watu wa Kameno Waiyaki ameonekana msaliti. Wakatiwa mikononi mwa Kiama wahukumiwe. Watu wakarudi makwao gizani, na kila mmoja aliona haya kumtazama mwenzake.

Wasomaji, msidhani haya ni hadithi tupu ya kubuni. Mwaka 1929 mambo haya yalitokea kweli kati ya Wakikuyu. Misheni za Waskoti na za Africa Inland zilidai Wakristo watie sahihi kwamba wameacha tohara ya wasichana. Waliokataa walitolewa makanisani na watoto wao shuleni. Wakikuyu wakajenga shule zao wenyewe. Chuki ikawaka hata Januari 1930 mmisheni mmoja mwanamke, Hulda Stumpf, akauawa usiku nyumbani kwake Kijabe.

Na hapa niseme neno moja, nisije nikaeleweka vibaya. Juu ya tohara yenyewe Joshua hakukosea kuikataza. Siku hizi twaiita ukeketaji, twajua madhara yake, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yakataza kumfanyia msichana aliye chini ya miaka 18. Hata sisi wa mkoa wa Arusha twahitaji kuambiwa hivyo mara kwa mara. Kwa hiyo lililo baya katika Joshua si fundisho lake. Alikuwa na haki katika jambo, na hata hivyo akampoteza mtoto. Ndiyo sababu nasema kitabu hiki chatufaa sana sisi wazazi Wakatoliki, kwa maana sisi nasi twaweza kuwa na haki katika jambo na kuwapoteza watoto.

Tumtazame basi. Joshua alidhani kwamba kumfukuza mtoto ni kuilinda imani. Je, aliilinda imani ya nani? Muthoni alikufa mbali naye, akimtaja Yesu mdomoni. Nyambura alitoka kanisani mikononi mwa adui. Waumini waliomtazama hawakujifunza kumpenda Mungu zaidi. Walijifunza kuogopa tu. Joshua alibaki na nyumba safi isiyo na mtoto, akaiita ushindi. Kumpoteza mtoto ni msiba, nao msiba hauwi ushahidi wa imani ya mtu.

Mtazameni na Kabonyi. Huyu hakuwa na dini sana, alikuwa na wivu. Mtoto wake alimtaka msichana yule yule, na yeye mwenyewe alitaka ukubwa. Lakini wivu haukusema jina lake. Ulivaa vazi la mila. Katika magomvi yetu ya ndoa tuwe macho na jambo hili. Mara nyingi anayepiga kelele juu ya dini alikuwa na neno jingine tangu zamani: mpaka wa shamba, deni la mahari ya shangazi, au kabila asilolipenda. Kama kijana yule angekuwa Mkatoliki na tajiri wa kabila letu, makelele yangekuwapo? Kila baba ajiulize akiwa peke yake.

Wala Waiyaki hana usafi wote. Yeye alijua tangu mapema kwamba vilima viwili vyahitaji kupatanishwa. Siku ya mkutano mkubwa wa wazazi, watu walipomsikiliza wote, alisema juu ya shule, na neno la mapatano akalisahau. Aliahirisha na kuahirisha. Alimpenda Nyambura kwa siri, akala kiapo cha watu waliomchukia baba yake, akadhani siku moja mambo yatajipanga yenyewe. Vijana wetu wengi ni Waiyaki. Huficha miaka miwili, mitatu, mpaka mimba imeingia au mahari imepelekwa. Ndipo wazazi waambiwe, ndipo Padre aitwe. Jambo lililokuwa la kuzungumzwa kwa utulivu lageuka kuwa moto wa kuzima.

Na tusifikiri kwamba ukali huu ni wa Waprotestanti wa kitabuni tu. Sisi Wakatoliki tunao wa kwetu. Mwaka 1957 huko Ireland, nchi iliyotuletea mapadre wengi, katika kijiji cha Fethard-on-Sea, bwana mmoja Mkatoliki na mke wake Mprotestanti walihitilafiana juu ya shule ya watoto wao. Mke akaona anasukumwa mno, akachukua mabinti wake wawili akakimbia. Wakatoliki wa kijiji, wakitiwa moyo na mapadre wao, wakaacha kununua katika maduka ya majirani Waprotestanti, ambao hawakuhusika hata kidogo. Kususia huko kulidumu miezi. Na mwisho wake ulikuwa nini? Bwana yule na mkewe walipatana, wakarudi nyumbani, wakawafundisha watoto wao wenyewe pale pale nyumbani. Majirani walichelewa zaidi. Mwaka 1998, yaani miaka 41 baadaye, Askofu wa jimbo lile, Brendan Comiskey, aliomba msamaha hadharani.

Najua wako wazazi watakaosema, "Karani, wewe waandika kwa wino tu. Sisi tumeona mengine." Ni kweli. Sisi wa Arusha hatuhitaji kufundishwa chuki ni kitu gani. Tarehe 5 Mei 2013, siku parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi ya Olasiti ilipokuwa ikizinduliwa mbele ya Balozi wa Baba Mtakatifu, bomu lilirushwa kati ya waumini. Watu watatu walikufa, na makumi wakaumia. Mzazi aliyekuwapo siku hiyo, akisikia binti yake amempenda mtu wa dini nyingine, moyo wake waweza kushtuka kabla akili haijafikiri. Simlaumu. Lakini kijana aliyekuja kubisha hodi kwa adabu, akiwa na mjomba wake na mzee wa kwao, si mrusha mabomu. Kumhukumu kwa damu asiyoimwaga ni kufanya yale yale ambayo Kiama kilifanya usiku ule kando ya Honia.

Basi, Kanisa lasemaje? Ni vizuri kujua, maana wengi wafukuza watoto kwa jina la sheria wasiyoijua.

Mwaka ule ule wa 1965 ambao kitabu cha Ngũgĩ kilitoka, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati mbili juu ya mambo haya. Tarehe 28 Oktoba ulitoa Nostra Aetate, juu ya kuwaheshimu watu wa dini nyingine, wakiwamo Waislamu. Tarehe 7 Desemba ulitoa Dignitatis Humanae, unaofundisha kwamba mtu asilazimishwe katika imani. Kisha tarehe 31 Machi 1970 Papa Paulo wa Sita alibadili taratibu za ndoa za mchanganyiko. Wazee wetu watakumbuka jinsi zilivyokuwa kabla ya hapo: yule asiye Mkatoliki alitakiwa naye kutoa ahadi, na mara nyingi ndoa ilifungwa kando, pasipo Misa, kama jambo la aibu.

Leo sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema hivi. Mkatoliki akitaka kufunga ndoa na Mkristo aliyebatizwa katika kanisa jingine, kama Mlutheri, yahitajiwa ruhusa ya Askofu. Akitaka kufunga ndoa na mtu asiyebatizwa, kama Mwislamu au mwenye dini ya jadi, hapo kuna kizuizi, na ni lazima Askofu akiondoe kwanza; bila hivyo ndoa si halali. Mkatoliki huahidi kwamba yu tayari kujihadhari asipoteze imani yake, na kwamba atafanya yote yaliyo katika uwezo wake watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Yule mwenzake huarifiwa ahadi hiyo, ajue anachoingia. Yeye hatakiwi kuapa, wala hatakiwi kubadili dini. Na wote wawili hufundishwa kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, hata kufa.

Mwaona, basi. Kanisa halisemi kwamba dini zote ni sawa, wala halifanyi ndoa hizi kuwa jambo jepesi. Lajua kwamba mume na mke wasiosali pamoja wana mzigo mzito, na kwamba siku ya Jumapili mmoja ataondoka peke yake na watoto watauliza kwa nini. Kwa hiyo laweka masharti. Lakini laweka pia mlango na njia ya kuupitia. Joshua hakuwa na mlango.

Katika habari ya Waislamu kuna mambo ambayo kijana Mkatoliki yampasa ayajue mapema, bila matusi kwa jirani zetu. Sheria ya Kiislamu kwa desturi humruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke Mkristo, lakini haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo. Kwa desturi ya sheria hiyo asiye Mwislamu harithi mali ya Mwislamu. Na kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu huhesabiwa kwamba mume aweza kuongeza mke, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Sheria hiyo hiyo yaruhusu watu wa dini mbili kufunga ndoa ya serikali, kwa kutoa taarifa siku 21 kabla. Lakini Mkatoliki asidanganyike: ndoa ya bomani peke yake Kanisa haliihesabu kuwa halali kwake, isipokuwa Askofu ameruhusu. Wala hairuhusiwi kufunga ndoa ya dini mara mbili, asubuhi kanisani na jioni msikitini, ili kuwaridhisha wote. Haya yazungumzwe kabla ya mahari, si baada ya mtoto wa pili.

Nitoe mfano mmoja wa zamani sana. Mtakatifu Monika alikuwa Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, akaolewa na Patrisi, mtu asiye Mkristo, mwenye hasira nyingi. Hakumkimbia, wala hakuiacha imani yake. Patrisi alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. Mtoto wao Augustino aliwaliza mama yake machozi ya miaka mingi kwa kufuata mafundisho mengine, hata mwaka 387 akabatizwa naye, kisha akawa Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Wakati fulani mama yule, kwa uchungu, alikataa kula meza moja na mtoto wake. Baadaye akamkaribisha tena mezani, akaendelea kumwombea. Kama angefunga mlango moja kwa moja, nani angemfuata Augustino mpaka Milano?

Sasa nawaambia wazazi mashauri machache.

Kwanza, siku mtoto atakapokuambia, usijibu siku hiyo. Mwambie umesikia, na kwamba mtazungumza. Hasira hasara. Neno la kumkana mtoto husemwa kwa dakika moja, na kulifuta huchukua miaka, tena wengine hufa kabla halijafutwa.

Pili, mwite kijana yule, umwone. Muulize kazi yake, kwao, na jinsi anavyowatendea wazazi wake. Muulize wazi kama atamwachia binti yako nafasi ya kusali na kuwaleta watoto kanisani. Jibu lake litakufundisha mengi kuliko jina la dini yake. Akisema kwamba ni lazima binti abadili dini kwanza, hapo una sababu ya kweli ya kukataa, na mwambie binti yako sababu hiyo kwa upole. Imani iliyonunuliwa kwa pete haifai upande wowote, wala kwao wala kwetu. Tusidai nasi kwa wengine lile tusilotaka tudaiwe.

Tatu, nenda kwa Paroko mapema, au anza na Katekista. Kazi ya kuomba ruhusa si ya siku mbili. Kuna hati ya ubatizo ya kutafuta, kuna mafundisho, kuna barua ya kwenda kwa Askofu, kuna matangazo ya ndoa ya kusomwa kanisani. Atakayekuja juma moja kabla ya sherehe, ng'ombe wakiwa tayari na wageni wamekwisha alikwa, atamchosha Padre na kujichosha mwenyewe.

Nne, kama baada ya yote mtoto akaenda kinyume na shauri lako, mwambie wazi kwamba hukubali, na umweleze kwa nini. Lakini usiuondoe ufunguo wa nyumba. Mjukuu akizaliwa, nenda ukamwone. Siku ya Krismasi weka sahani yake. Mtoto anayejua njia ya kwa baba yake hujua pia njia ya kanisani, kwa maana alijifunza zote mbili akiwa ameshikwa mkono mmoja.

Nanyi vijana, msiwe Waiyaki. Msimwekee mzazi siri mpaka iwe moto. Mkimpenda mtu, mleteni mchana, mbele ya watu wazima. Na ulizeni mioyo yenu swali gumu: miaka 20 toka leo, nikiwa mgonjwa kitandani, huyu atamwita Padre? Kama hujui jibu, hujamjua bado mtu unayetaka kufunga naye ndoa.

Nanyi ambao mmekwisha fukuzwa, au mliondoka wenyewe, mkaishi miaka mkifikiri kwamba mlango wa kanisa ulifungwa siku ile wa baba ulipofungwa, nasema hivi: haukufungwa. Mara nyingi ndoa yaweza kutengenezwa, hata kama mwenzako hataki kubatizwa. Njoni mmwone Padre. Kama mwaona haya, njoni kwanza ofisini kwa karani siku ya kazi, hakuna watu wengi. Kitabu kipo, na nafasi kando ya jina lako bado iko wazi.

Maji ya Mto Usa yashuka kutoka Mlima Meru, yapita katika mashamba ya Walutheri, ya Wakatoliki na ya Waislamu, yaingia Kikuletwa, na Kikuletwa yaingia katika lile bwawa ambalo wazee waliliita Nyumba ya Mungu. Hakuna mkulima aliyewahi kukataa maji yale kwa sababu yamepita kwa jirani wa dini nyingine. Tuwaombee watoto wetu, tuwafundishe imani vizuri wangali wadogo, na wakikua tuwasikilize.

Mungu awabariki nyote. Tuonane juma lijalo.